Sura ya Tano: Daftari la Mafundi wa Likizo

Vyuo vikuu vingi vya Marekani hufunga mwaka wa masomo mwezi Mei, lakini mwanafunzi makini wa uhandisi wa vifaa tiba huwa hana mpango wa kwenda kulala. Tangu Januari amekuwa akijaza fomu. Ameandika barua ya kujieleza, amewafuata maprofesa wawili wamdhamini, ametuma matokeo yake, kisha akakaa kusubiri. Akibahatika, Juni humkuta katika maabara ya chuo kisicho chake. Analipwa posho, ana chumba cha kulala, na amekabidhiwa swali moja dogo la kisayansi la kuhangaika nalo kwa wiki 10.

Nyuma ya utaratibu huo kuna fedha za serikali. Mwaka 1987 Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, NSF, lilianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti, unaojulikana kwa herufi REU. Mpango uliotangulia, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ulikuwa umekatwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika zile enzi za kubana matumizi. Chini ya REU chuo huomba fedha, hukusanya kikundi cha wanafunzi kama 10, wengi wao kutoka vyuo vingine, na hasa vile visivyo na maabara za maana, kisha humgawia kila mmoja profesa wa kumsimamia. Taasisi za Taifa za Afya, zilizoko Bethesda katika jimbo la Maryland, nazo zimekuwa na mpango wao wa wiki 10 kwa wanafunzi wa fani hii hii. Fedha za REU ni za raia na wakazi wa kudumu tu. Kijana wa Mwanza au Kisumu anayesoma huko kwa viza ya mwanafunzi hutafuta mlango mwingine, hata alama zake ziwe nzuri namna gani.

Fani yenyewe bado changa, na ilikua haraka kwa sababu ya urithi wa mtu mmoja. Uncas Whitaker alitajirika kwa kutengeneza viunganishi vya nyaya za umeme. Alifariki mwaka 1975, na mfuko ulioanzishwa kwa mali yake ukatumia zaidi ya dola milioni 700 kujenga idara na kusomesha watafiti wa uhandisi wa vifaa tiba, mpaka ulipofunga hesabu zake kwa hiari mwaka 2006. Viunganishi vya nyaya tutakutana navyo tena mbele kidogo, tena vikiwa vimelegea.

Ndani ya wiki 10 za maabara hutokea nini hasa? Wiki ya kwanza huishia kwenye mafunzo ya usalama: namna ya kuvaa glavu, mahali pa kutupa sindano, pa kukimbilia moto ukizuka. Wiki ya pili ni ya kusoma makala ambazo nusu yake hazieleweki. Ya tatu jaribio linaanza, na ya nne linakataa. Seli alizozipanda Ijumaa zinakutwa zimekufa Jumatatu. Programu ya kompyuta aliyoiandika kuchambua picha za moyo inauona moyo hata pale ambapo haupo. Karibu na mwisho kitu fulani kinakubali, angalau nusu nusu. Mwanafunzi anachapisha bango kubwa lenye grafu tatu, anasimama kando yake mchana mmoja akijibu maswali ya wapita njia, na anaondoka na barua ya profesa itakayomsaidia kuingia shahada ya uzamivu.

Sidharau hata kidogo. Kijana aliyeona jaribio likikataa mara nyingi akiwa na umri wa miaka 20 hatadanganyika kirahisi na grafu nzuri akiwa na 40. Lakini kuna jambo moja ambalo kiangazi cha namna hiyo hakimfundishi, nalo ni kuuliza. Swali analikuta tayari, wali umeshaungwa nazi, yeye anapakua. Profesa aliliandika katika ombi la fedha miaka miwili nyuma, wakaguzi wakalipitisha, na mwanafunzi anapewa kipande chake. Kama swali lenyewe halikuwa la maana kwa mgonjwa yeyote, si yeye wa kuligundua hilo.

Likizo ya aina ya pili ndiyo iliyonifanya niandike sura hii, na sehemu yake kubwa ilifanyika Arusha.

Mwaka 2001 wahandisi wawili wa Chuo Kikuu cha Memphis, Robert Malkin na Mohammad Kiani, walianzisha shirika la Engineering World Health. Malkin baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, na mpango wa likizo wa shirika hilo ukapata jina kupitia huko. Utaratibu wake ulikuwa wa miezi miwili. Mwezi wa kwanza wanafunzi walikaa pamoja Arusha, wakilala katika nyumba za wenyeji, wakijifunza Kiswahili na namna vifaa vya hospitali vinavyofanya kazi. Mwezi wa pili waligawanywa wawili wawili, wakapelekwa hospitalini kutengeneza mashine. Mpango wa namna hiyo ulifanyika pia Amerika ya Kati na Rwanda. Hawakulipwa posho ya maabara. Wengi walijilipia au walidhaminiwa na vyuo vyao.

Mtu anaweza kucheka, na mimi nilicheka kwanza. Kijana aliyefundishwa milinganyo ya mtiririko wa damu anavuka bahari kuja kukaza skrubu? Hospitali zetu zimekosa wa kukaza skrubu? Swali hilo la pili nitalirudia. La kwanza linajibika kwa kuangalia anachokutana nacho kijana huyo akifunguliwa mlango wa stoo.

Anakuta mashine ya kuzalisha oksijeni. Kazi yake ni kuvuta hewa ya kawaida, ambayo asilimia 21 tu ni oksijeni, na kuipitisha katika punje za madini ya zeolaiti zinazonasa naitrojeni, hadi kinachotoka kiwe oksijeni ya asilimia 90 na kitu. Punje hizo adui yake ni unyevu, na kompresa adui yake ni vumbi. Mashine iko kamili, inanguruma, taa zinawaka, lakini inachompa mgonjwa hakitofautiani sana na hewa ya dirishani. Chujio la nyuma limeziba vumbi jekundu na halijaoshwa tangu mashine ilipofika. Pembeni yake kuna mashine ya kunyonya majimaji, ile inayotumika kusafisha koo la mtoto aliyezaliwa hivi punde. Chupa yake iliachwa ikajaa, kizuizi cha kuzuia maji yasiingie kwenye pampu kilishapotea, na sasa pampu imekunywa ilichopaswa kukikusanya. Kuna sentrifyuji ya maabara ambayo brashi za mota zimeisha. Kuna otoklevu inayovujisha mvuke kwa sababu mpira wa mlango umekakamaa. Na kuna kifaa kizuri cha kufuatilia mapigo ya moyo, kimeletwa kama msaada, kimetengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120. Mtu alikichomeka kwenye soketi ya volti 230, kikatoa moshi, kikaandikwa KIBOVU kwa kalamu ya rangi.

Hakuna profesa aliyemwachia swali hapo. Kwanza lazima ajue ni nini kilichoharibika, na ili ajue hilo lazima azungumze na anayeitumia mashine. Kwa hiyo yale masomo ya Kiswahili ya mwezi wa kwanza yalikuwa uhandisi kamili, si pambo la utalii. Anayejua historia ya mashine ni muuguzi wa zamu. “Sista, shikamoo. Hii ilianza lini kusumbua?” “Marahaba, mwanangu. Hiyo haijasumbua, hiyo hatujawahi kuiwasha.” Mazungumzo ya namna hiyo huokoa siku nzima ya kufungua skrubu. Mashine haina ubovu wowote. Ilifika bila kitabu cha maelekezo, au kitabu kipo kwa Kijerumani, na hakuna aliyethubutu kuijaribu kwa mgonjwa.

Kila walichokigusa walitakiwa wakiandike: ni mashine gani, ililetwa na malalamiko gani, tatizo likaonekana ni nini, walifanya nini, ilirudi kazini au haikurudi. Kwa mwanafunzi ilikuwa kero ya jioni. Kwa Malkin, karatasi hizo zilipolundikana miaka kadhaa, zilikuwa hazina ambayo hakuna maabara iliyokuwa nayo.

Mwaka 2010 yeye na mwenzake walichapisha hesabu. Walikuwa na maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 zenye uhaba katika nchi 11. Kati ya hayo, 2,529 yalihusu vifaa ambavyo havikuwa vikifanya kazi kabisa. Vifaa 1,821 vilirudishwa kazini, sawa na asilimia 72, bila kuagiza kipuri hata kimoja kutoka nje. Vyote vilitengenezwa kwa kilichopatikana pale pale.

Rudia kuisoma namba hiyo ya mwisho. Kwa miaka mingi maelezo ya ubovu wa mashine katika hospitali za nchi maskini yalikuwa yale yale: vipuri hakuna, fedha za kigeni hakuna, wataalamu wa kiwanda wako mbali. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yalimfaa kila mtu. Hospitali iliweza kusema haina la kufanya, na mfadhili aliweza kuleta mashine nyingine. Madaftari ya vijana wa likizo yalionyesha kwamba karibu vifaa vitatu katika kila vinne vilivyotupwa stoo vilikuwa vinamsubiri mtu, wala si kontena.

Tena walitaka kujua ni mtu wa aina gani. Matengenezo 1,704 yalikuwa yameandikwa vizuri kiasi cha kuweza kuchambuliwa, na asilimia 99 yake yaliangukia katika maarifa ya aina sita. Mambo ya umeme yalichukua asilimia 18, mambo ya mitambo 18, chanzo cha umeme cha mashine 14, mabomba na mirija 19, mota 5. Fungu kubwa kuliko yote, asilimia 25, lilikuwa la kuifunga mashine mahali pake na kumfundisha mtumiaji. Robo nzima ya “ubovu” haikuwa ubovu. Hapo ndipo vilipo na viunganishi vya Mzee Whitaker: waya uliochomoka, plagi isiyolingana na soketi. Uchambuzi uliendelea hadi ukafika kwenye orodha ya stadi 107 za msingi ambazo peke yake zingetosha kurudisha kazini asilimia 66 ya vifaa vilivyokuwa vimekufa. Stadi hizo hazihitaji shahada, na kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuzijifunza. Mafunzo ya mafundi yaliyojengwa juu ya orodha hiyo yalianzishwa Rwanda.

Mwaka uliofuata, 2011, Malkin na mwenzake mwingine, Perry, walitoa hesabu ya pili, safari hii si ya madaftari ya wanafunzi bali ya orodha za mali za hospitali: vifaa 112,040 katika nchi 16. Vilivyokuwa havifanyi kazi vilikuwa asilimia 38.3. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitaja nusu, wengine zaidi, kwa kukisia. Na sababu zilizojitokeza zilikuwa tatu: ukosefu wa mafunzo, usimamizi mbovu wa teknolojia, na miundombinu. Ukiziweka hesabu zote mbili mezani, unaona kwamba wale vijana wa stoo walikuwa wameshaligusa jibu kwa bisibisi kabla halijaandikwa kwenye jedwali.

Mwanafunzi mmoja mmoja pengine hakujua kwamba anafanya utafiti. Alijua anatengeneza pampu. Lakini kipimo alichokuwa akikitumia kilikuwa kigumu kuliko vya maabara nyingi: kama utambuzi wako wa tatizo ni sahihi, mashine itafanya kazi, kama si sahihi, haitafanya. Hakuna kujitetea kwa takwimu. Ndiyo maana waandishi wa ile makala ya 2010 waliamua kuchukulia kwamba mashine iliyorudi kazini ni ushahidi kuwa fundi alilijua tatizo. Ni dhana inayoweza kupingwa, kwa sababu wakati mwingine mtu hupiga kofi redio ikaimba, lakini kwa vifaa zaidi ya 1,800 bahati huwa imeshachujwa vya kutosha.

Msomaji anayependa uvumbuzi atauliza kama likizo za namna hii hazijazaa kitu kipya, badala ya kufufua vya zamani. Zimezaa, na mfano ninaouamini kuliko yote unatoka Malawi. Chuo Kikuu cha Rice cha Houston kilikuwa kimeanza mwaka 2006, chini ya Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden, kuwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza matatizo halisi ya hospitali za nchi maskini, kisha kuwapeleka wakati wa likizo na vifaa walivyovibuni wakavione vikijaribiwa. Tatizo mojawapo lilitoka kwa madaktari wa watoto wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre. Watoto njiti walikuwa wakifa kwa kushindwa kupumua, mapafu yakisinyaa kila wanapotoa pumzi. Tiba ilijulikana zamani: kumpulizia mtoto hewa puani kwa msukumo mdogo usiokatika ili mapafu yabaki wazi, na msukumo huo kupimwa kwa kina cha mrija uliozamishwa ndani ya chupa ya maji. Mapovu yakitoka, msukumo upo. Kilichokosekana ni mashine ambayo bei yake hospitali ya Malawi ingeimudu, na ambayo haitegemei hewa iliyogandamizwa kutoka bomba la ukutani, kwa sababu ukuta wenyewe hauna bomba.

Wanafunzi walichukua pampu za kawaida za matangi ya samaki wa mapambo, wakazifunga ndani ya boksi, wakaunganisha mirija. Toleo la kwanza halikuwa la kupendeza. Baada ya kuboreshwa lilijaribiwa Blantyre, na mwaka 2014 matokeo yakachapishwa: kati ya watoto 62 waliotibiwa kwa mashine hiyo, asilimia 71 walipona, kati ya 25 waliopewa oksijeni ya puani tu, asilimia 44. Ni utafiti mdogo, watoto 87 kwa jumla. Hata hivyo mashine hiyo haikuishia kwenye bango la mwisho wa likizo. Iliingia kiwandani na ikafika kwenye wodi za watoto wachanga za nchi kadhaa.

Ninachokiona katika kisa hicho si werevu wa pampu za samaki. Werevu huo ulikuja mwishoni. Mwanzoni kulikuwa na daktari wa wodini aliyejua kwa usahihi kinachoua watoto wake, na chuo kilichokubali kwamba swali la daktari huyo ni zuri kuliko ambalo kingejitungia chenyewe. Wanafunzi wengi wanaokuja Afrika na kifaa tayari kwenye begi hufuata njia ya kinyume, na vifaa vyao huwa nakshi ya kabati la mganga mkuu.

Sasa lile swali nililoahidi kulirudia. Kwa nini awe kijana wa North Carolina?

Mafundi na wahandisi wa vifaa tiba tunao, na wanaongezeka. Arusha kuna Chuo cha Ufundi kinachofundisha fani hii. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Teknolojia, DIT, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kampala kuna Makerere. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta. Na Chuo Kikuu cha Rice kwa sasa kinashirikiana na vyuo vya hapa, DIT ikiwemo, katika kuwafundisha wanafunzi wa hapa kubuni vifaa vya hospitali za hapa. Mgeni wa mwezi mmoja alikuwa na faida moja tu ambayo mwanafunzi wetu hana: aliondoka, na daftari lake likabaki kwa mtu aliyekuwa na nia ya kulisoma.

Kwa sababu daftari mwanafunzi wetu analo. Kila anayekwenda fildi hupewa. Anaandika kazi ya kila siku, msimamizi wa hospitali anasaini, mhuri unagongwa, na mwisho anaandika ripoti. Mhadhiri anapita, anatoa alama. Kwa kawaida safari ya karatasi hizo inaishia hapo: zinakaa kwenye maboksi hadi nafasi inapohitajika kwa maboksi ya mwaka unaofuata. Isitoshe, daftari lenyewe limetengenezwa kwa ajili ya kuthibitisha mahudhurio, wala si kwa ajili ya kujua mashine gani ilikufa kwa sababu gani. “Leo tulifanya matengenezo katika maabara” ni sentensi inayotosha kupata saini.

Kulibadilisha hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji safu tano katika ukurasa: mashine, malalamiko, sababu, kilichofanyika, matokeo, na mtu mmoja wa kuingiza hayo kwenye kompyuta kila msimu. Chukua chuo chenye wanafunzi 40 wanaokwenda fildi kwa wiki nane, kila mmoja akiandika kwa uaminifu mashine mbili tu kwa wiki. Hizo ni kumbukumbu 640 kwa msimu, na katika misimu mitano 3,200, nyingi kuliko zile zilizotikisa mjadala mwaka 2010, na zote kutoka nchi moja, kwa lugha ambayo sista wa zamu hakuhitaji kutafsiriwa.

Ningekuwa mmoja wa wanafunzi hao 40, swali langu la kwanza kwa rundo hilo lingekuwa juu ya ile robo. Hospitali zimebadilika tangu 2010: mashine nyingi zaidi zina kompyuta ndani, nyingine hufungwa kwa namba ya siri ya mtengenezaji, na vihisio vyake havikubali vya kampuni nyingine. Je, kati ya mashine zinazoandikwa KIBOVU leo Iringa, Tanga au Kigoma, bado robo yake hazina ubovu wowote, au fungu hilo sasa limeshikwa na mashine nzima ambazo fundi hana ruhusa ya kuzifungua?